Glasi ya Nane

Kilichotuponza ni buti. Zilitoka ndani ya robota la Jumatatu zikiwa za ngozi ya kahawia, soli nene kama chapati tatu zilizopangwa, na kamba zote mbili zipo, jambo ambalo kwa mtumba ni muujiza. Nilizikagua nikitafuta kasoro, nikakosa, nikazikagua tena kwa sababu sikuamini, kisha nikazificha nyuma ya kibanda. Mimi huuza viatu Kawangware, upande wa Gatina, na biashara imenifunza jambo moja: mteja mwenye pesa hukuchosha, lakini mteja mwenye haja hujileta mwenyewe.

Mwenye haja alijileta Alhamisi. Alikuwa mwanamume wa makamo, tumbo mbele, kofia ya ukingo mpana kana kwamba pale sokoni kuna simba. Alisema kazi yake ni kuongoza watu kwenye matembezi ya siku moja, na viatu alivyovaa vilikuwa vimefungua midomo yote miwili, vinacheka.

"Mathe, hizi nazipenda," akasema. "Lakini wiki hii niko chini kwa pesa."

"Uko na nini?"

"Niko na safari ya Jumamosi. Gari, lunch, maporomoko ya maji huko upande wa Thika, na kuonja waini."

"Nafasi mbili," nikamwambia.

"Mbili kwa buti moja?"

"Buti ni mbili. Hesabu tena."

Akazihesabu, maskini. Nikaona huyu ni wangu.

"Sawa. Lakini toa waini," nikasema. "Mahali pa waini weka kuku."

"Waini haitoki, mathe. Ni pakeji."

"Kila kitu hutoka. Hata meno hutoka."

Haikutoka. Alikubali nafasi mbili, akakubali kuku, akaniongezea hata kiti cha mbele karibu na dirisha, ila waini alishikilia kama mtu anayelinda mali ya yatima. Nilipaswa kuachana na ile biashara hapohapo. Badala yake nilimfungia buti kwenye gazeti.

Nafasi ya pili ilikuwa ya wifi yangu, mjane wa marehemu kaka yangu. Anauza maji Mashimoni, kule Kibera: kioski cha mabati, tangi moja juu, mabomba mawili chini, na foleni ya mitungi tangu kabla jua halijatoka. Kaka yangu alipokufa, wifi alikunywa kwa miaka mitatu kana kwamba ameandikwa kazi. Chang'aa, bia ya keg, chochote chenye kuchoma. Mwisho wake alilala mlangoni pa kioski wakati watu wanangoja maji, na wakajipimia. Siku hiyo aliacha. Hadi Jumamosi ninayoisimulia alikuwa ametimiza miaka miwili na miezi minne. Najua kwa sababu nilikuwa nahesabu. Yeye anahesabu kwa siku, mimi kwa miezi, tunakutana katikati.

Ana desturi yake. Kila asubuhi, kabla ya kumuuzia mtu yeyote, hujaza kikombe kwa maji ya kwanza, akanusa, akaonja, akayazungusha mdomoni, kisha akameza au akatema. Akitema, kioski hakifunguliwi. Kuna mwaka bomba lilipasuka ndani ya mtaro na watoto wa mtaa mzima wakahara. Ya kwake pekee ndiyo hayakuuzwa siku hiyo. Watu huamini ulimi wake kuliko mhuri wa serikali. Lakini mimi nilijua jambo lingine. Saa ile ya kikombe cha maji ndiyo saa aliyokuwa akianza kulewa. Alikuwa ameweka maji mahali pa pombe, kikombe kilekile cha bati.

Nilikuwa nimemwahidi kwamba akifikisha miaka miwili nitampeleka mahali ambapo hakuna mtu atakayemjia na mtungi. Nilikuwa nimechelewa miezi minne. Kwa hiyo nilimwambia juu ya gari, nikamwambia juu ya kuku, nikamwambia juu ya maporomoko. Juu ya waini nilimeza mate.

Jumamosi asubuhi alikuja amevaa gauni lake la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, na mkononi mtungi wa lita tano.

"Wa nini?" nikamuuliza.

"Si umesema tunaenda kwenye maji?"

"Wifi, ni maporomoko. Ya kuangalia."

"Maji ya kuangalia," akarudia, akitafuna maneno yale kama mtu aliyepewa nyama asiyoijua. Mtungi akaupakata hadi Thika. Sisi wa huku hatuendi palipo na maji mikono mitupu. Ni kama kwenda matangani bila kulia.

Ndani ya gari tulikuwa abiria tisa, nikahesabu tena, tisa: wapenzi waliovaa fulana zinazofanana na kundi la vijana wa ofisi waliokuwa wakijipiga picha wakifungua soda. Kiongozi wetu alisimama mbele ndani ya buti zangu, akapiga makofi.

"Mabibi na mabwana! Kituo cha kwanza, shamba la mizabibu. Tutaonja waini aina nne. Halafu lunch, halafu maporomoko!"

Vijana wa ofisi wakashangilia. Wifi hakugeuka. Alikuwa akitazama nje, mashamba ya mananasi yakipita.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Ilikuwa pakeji," nikasema. "Nilijaribu kuitoa."

"Na mimi hukujaribu kuniambia?"

Nikafungua bahasha ya njugu, nikampa. Hakuzichukua. Wakati huo ndipo nilipoanza kufikiri kwa bidii, na mimi nikifikiri kwa bidii huwa nafanya mambo ya kijinga kwa mpangilio mzuri sana.

Mpango wangu ulikuwa huu. Waini aina nne, watu wawili, glasi nane. Zangu nne nitakunywa. Zake nne nitakunywa. Mezani zitarudi glasi nane tupu, mwenyeji hataudhika, wifi hatatamani kilichokwisha, na buti zitakuwa hazikupotea bure. Kiroho pia sikuwa na kikwazo. Mimi nimeokoka kwa vipindi.

Shamba lenyewe lilikuwa dogo na safi, mizabibu imepangwa kwenye waya kama nguo zilizoanikwa na mtu mwenye adabu. Mwenyeji wetu, mama mrefu mwenye aproni nyeusi, alitupanga kwenye meza ndefu chini ya paa la nyasi. Mbele ya kila mtu akaweka glasi nne zenye mguu mwembamba. Katikati ya meza akaweka jagi la maji na ndoo ya chuma.

"Utainusa," akasema, "utaizungusha mdomoni, halafu ukipenda utaitema humu."

Wifi akainua macho kwa mara ya kwanza tangu Thika.

"Wanatema?"

"Ndiyo, mama. Mwonjaji wa kweli haoni aibu kutema. Anatema ili asilewe."

Wifi akaitazama ile ndoo kwa muda mrefu. Kisha akaniinamia kutoka upande wa pili wa meza.

"Kumbe miaka yote ile," akasema, "shida yangu ilikuwa kumeza."

Nilicheka hadi waini ya kwanza ikanipitia puani. Hiyo ilikuwa nyeupe. Glasi ya kwanza, na ya pili ilipokuja mbele ya wifi niliivuta kwa kidole kimoja kama mtu anayevuta kikaango, nikaimaliza. Mbili. Ilikuwa chachu kama ukwaju, lakini kitu ulicholipia buti hukitemi. Vijana wa ofisi nao hawakutema. Ile ndoo ilikaa tupu kama sanduku la sadaka siku ya mvua.

Waini ya pili ilikuwa ya rangi ya waridi. Tatu, nne. Mwenyeji akatuuliza tumeonja nini.

"Stroberi," akasema mmoja wa wapenzi.

"Maua ya porini," akasema mwenzake, ili asishindwe.

"Na wewe mama wa kitambaa?"

Wifi alikuwa hajagusa kitu. Lakini aliulizwa, na kwao Kitui mtu akiulizwa na mwenyeji hujibu. Akajimiminia maji ya jagi, akayanusa, akayazungusha mdomoni, akafikiri. Kisha akayatema ndani ya ndoo, vizuri kabisa, mkondo mmoja. Alikuwa mtu wa kwanza kuitumia siku hiyo.

"Haya ni ya kisima cha kuchimba," akasema. "Chumvi yake imetoka chini sana, kisima ni kirefu. Tangi lenu ni la plastiki, liko juani, na halijaoshwa tangu mvua ya masika. Kuna jani limeoza ndani."

Mwenyeji akachukua jagi. Akajimiminia, akaonja, akakunja uso. Akamwita mfanyakazi, mfanyakazi akapanda ngazi nyuma ya ghala, akafunua tangi, na tukamsikia akisema kwa sauti ya mtu aliyekuta mjomba wake pabaya: "Haiya!"

Alishuka na majani viganjani. Meza nzima ikapiga makofi. Vijana wa ofisi wakamzingira wifi na chupa zao za maji ya dukani, aonje na hizo. Akaonja. Moja akaisifu. Nyingine akasema, "Hii ni ya mfereji, wamebadilisha nguo tu." Mwenyeji naye akaleta daftari, akaketi karibu naye kama mwanafunzi. Sijawahi kumwona wifi yangu akiwa na watu wengi hivyo ambao hawakushika mitungi.

Mimi huku kazi ilikuwa inaendelea. Nyekundu ilipokuja: tano, sita. Meza ilikuwa imeanza kuwa na kina. Waini ya nne, ile tamu, mwenyeji alisema ni ya kumalizia chakula, ingawa chakula kilikuwa bado. Yangu nikaimaliza. Saba. Ya wifi ilikuwa mahali pake, imejaa, rangi ya asali, naye yuko mwisho wa meza akiwaeleza watu tofauti ya kutu na klorini. Kidole hakikuifikia tena, nikainuka nizunguke nikaichukue. Nilizunguka vizuri, ila meza ilizunguka pamoja nami, na nilipofika upande wa pili glasi ilikuwa tupu.

Nikahesabu tupu zote. Nane. Nikahesabu nilizokunywa. Saba. Nikahesabu tena kwa vidole, nikianzia kidole gumba. Saba. Wifi alikuwa amerudi mahali pake, anapangusa midomo kwa ncha ya kitambaa.

Chakula kikaja. Nilikula kuku wangu bila kusikia ladha yake. Kila nikiinua macho nilimwona wifi anatabasamu, na kila akitabasamu niliona kioski kimefungwa, watu wanajipimia.

Maporomoko yako mbali kidogo na shamba. Jina lake la Kiingereza linasema yako kumi na manne. Mimi mtu akiniambia idadi, huwa naihesabu. Tulishuka kwenye miamba, maji yananguruma, povu jeupe linaruka juu kama sufuria ya ugali, na nikaanza kutoka kushoto. Nikapata tisa. Nikaanza kutoka kulia, nikapata kumi na sita, na mawili kati ya hayo yalikuwa yanasogea.

"Wacha maji, ni mengi," wifi akasema. "Leo wewe ndiye usiyehesabika."

Alisema kwa mzaha. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimelewa kwa niaba yake, nikamjibu kwa lile lililokuwa limenikaa kooni tangu mchana.

"Ya nane iko wapi?"

"Gani?"

"Glasi. Nilikunywa saba. Yako ya mwisho nani alikunywa?"

Uso wake ulifungwa polepole, kama bati linavyoshushwa jioni.

"Ulikuwa unahesabu," akasema.

"Mara mbili."

"Hukuniambia kuna pombe. Halafu ukakaa hapo unakunywa yangu kama mlinzi wa benki. Halafu unahesabu." Akachukua mtungi wake. "Nilidhani umenileta matembezi. Kumbe umenileta mtihani."

Akashuka kuelekea ukingoni peke yake, gauni la kanisani ameliinua kwa mkono mmoja. Nilitaka kumfuata lakini mwamba ulikuwa na maoni tofauti. Nikaketi. Kiongozi wetu akaja akaketi kando yangu, kofia imemwangukia sikioni, na buti zangu zikiwa mbele yake kama ushahidi.

"Mathe," akasema, "ile tamu, ile ya mwisho, ndiyo hupiga. Mimi huwa sinywi kazini. Lakini nimeona ile ya wifi yako imekaa tu, haina mwenyewe, nikasema dhambi kumwaga."

Nilimtazama.

"Ulikunywa ya wifi yangu?"

"Moja tu."

"Nipe buti."

"Eh?"

"Nipe buti zangu, mlevi wewe!"

Akacheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha, lakini nilikuwa na shughuli kubwa zaidi. Nilishuka kwenye ile miamba nikiwa nimekalia makalio, jiwe kwa jiwe, mbele ya wapenzi wa fulana waliokuwa wakipiga picha ya upinde wa mvua na wakanipata mimi.

Wifi alikuwa amechuchumaa ukingoni, kiganja kimejaa maji, ameyaleta karibu na pua. Hakugeuka aliponisikia. Nilijikokota hadi nyuma yake. Mwishowe akanusa tena, akayamwaga, akajipangusa kwenye jiwe mara tatu.

"Haya ni yetu," akasema.

"Yetu vipi?"

"Ya kule kwetu. Mto unaopita chini ya Kibera huenda wapi, ulidhani unakauka? Unashuka, unaungana na mwingine, unakuja huku. Sabuni hii naijua. Hata harufu ya mtaro wetu naijua." Akaonyesha kwa kidevu lile povu jeupe ambalo vijana wa ofisi walikuwa wakilipigia kelele. "Watu wamelipa gari kuja kuangalia maji ya kuoshea nepi ya Mashimoni."

Nilijaribu kujizuia, kwa heshima ya ugomvi wetu. Sikuweza. Nilicheka hadi nikashika jiwe, na nikaona mabega yake nayo yanatikisika, ingawa uso alikuwa ameuelekeza upande mwingine makusudi.

"Wifi," nikasema, "ni kiongozi. Ya nane alikunywa yeye. Ameniambia sasa hivi."

"Mimi nilijua si mimi."

"Nakuomba msamaha."

"Mh."

"Nakuomba sana."

"Ungeniambia nyumbani," akasema. "Labda ningekuja, labda nisingekuja. Lakini ningekuwa nimechagua. Pale mezani ile glasi nilikuwa naiona, usidhani sikuiona. Nilikuwa naisikia hadi kwenye meno. Ndiyo maana nilishika maji. Na wewe hukuniuliza hata mara moja, unaendeleaje. Ulihesabu tu."

Nikasogea, nikaketi kando yake. Maji ya kwetu yaliendelea kuanguka.

"Sema bei," nikamwambia.

"Bei gani?"

"Ya msamaha. Kila kitu kina bei."

Akanigeukia sasa, akanipima kama ninavyowapima wateja wangu, kuanzia viatuni.

"Jumamosi kumi," akasema. "Saa kumi na moja na nusu alfajiri uwe kwangu. Unaonja maji pamoja na mimi. Hiyo saa ndiyo mbaya, na huwa niko peke yangu."

"Kumi! Wifi, mimi natoka Kawangware. Hiyo saa hata mbwa wa Gatina wamelala. Mbili."

"Tisa."

"Tatu, na mandazi naleta."

"Mandazi utaleta hata hivyo. Nane. Kama glasi."

Hapo aliniweza. Nilimpa mkono, akaushika, akanivuta nikasimama, kwa sababu mwenyewe nisingeweza. Mtungi wa lita tano ulirudi mtupu. Alikataa kabisa kuujaza.

Jumamosi iliyofuata nilifika Mashimoni nikiwa na mandazi kumi niliyomwahidi, nikayahesabu tena mlangoni kwa sababu njiani nilikuwa na njaa: tisa. Wifi alikuwa amewasha taa ya kioski. Mitungi ilikuwa imejipanga nje bila wenyewe, kila mmoja umeshika nafasi. Akafungua bomba, akajaza kikombe cha bati, akanipa mimi kwanza.

Nilikinusa kama yule mama wa aproni. Nikayazungusha maji mdomoni. Nikafumba macho.

"Naona maua ya porini," nikasema.

"Tema," akasema wifi.

"Mbona? Ni mazuri."

"Tema kwanza, ndipo ujue."

Nikatema mtaroni. Akachukua kikombe, akaonja yeye, akayaweka maji mdomoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, macho yake kwenye giza la kichochoro. Nikasimama karibu naye.

"Unaendeleaje?" nikamuuliza.

Akameza.

"Fungua dirisha," akasema. "Na hilo andazi la kumi utalilipa."